Projekta ya leza na programu uliyojiandikia: dalili, visababishi na marekebisho

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye projekta ndogo ya leza yenye vioo vya galvo (vioo vidogo vinavyogeuzwa na mota ili kusogeza mwale), aliyeandika programu yake mwenyewe ya kuiendesha kwa Python, C++ au kwa ESP32, na ukutani haoni alichokusudia. Umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili kisababishi cha kawaida kinatangulia, na vipimo visivyohitaji bisibisi vinakuja kabla ya vile vinavyohitaji.

Maneno matatu yatarudi mara nyingi. Nukta ni X, Y na rangi zake. Fremu ni nukta zote za picha moja. Kigeuzi, au DAC, ni kifaa kinachobadili namba za programu kuwa volti: inaweza kuwa Helios ya USB, Ether Dream ya waya wa mtandao, au MCP4922 uliyoichomelea mwenyewe kwenye bodi.

## Kabla ya kuwasha

Leza inayoonekana yenye nguvu ya zaidi ya miliwati 5 hadi 500 ni daraja la 3B kwa kiwango cha IEC 60825-1, na ikizidi miliwati 500 ni daraja la 4. Projekta nyingi za kujifurahishia ziko katika madaraja hayo mawili. Mwale wao ukiingia jichoni moja kwa moja, retina inaweza kuungua kabla jicho halijawahi kupepesa, na kupepesa kwenyewe huchukua takriban robo sekunde. Kwa hiyo programu isiwe ndiyo kinga pekee kati ya mwale na jicho la mtu. Programu hukwama, na ikikwama haiombi ruhusa.

Weka kitufe cha dharura cha kubonyeza kwa kiganja, mahali mkono unapofika, kikate mzunguko wa usalama wenyewe (pini 4 na 17 za plagi ya pini 25 ya ILDA, kiwango cha pamoja cha projekta za leza). Kisipitie kwenye kompyuta. Kifungwe namna kwamba umeme ukikatika na kurudi, mwanga usiwake mpaka mtu auwashe kwa mkono. Kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi, hili si jambo la hiari.

Elekeza mwale kwenye ukuta uliopakwa rangi isiyong'aa. Ondoa vioo na fremu za alumini, funika dirisha na vigae, na asipite mtu mbele. Jaribu kwa nguvu ndogo kuliko zote. Usielekeze angani: ndege zinashuka juu ya jiji la Dar es Salaam kuelekea Uwanja wa Julius Nyerere, na maonyesho ya nje yanayopandisha miale juu yanahitaji kuzungumza kwanza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Ujue pia kigeuzi chako hufanya nini programu ikifa. Ether Dream ikiishiwa nukta husimama. Helios hurudia fremu ya mwisho bila kikomo, isipokuwa umeiambia iicheze mara moja tu. Kama fremu hiyo ya mwisho ilikuwa nukta moja, una mwale uliosimama na programu iliyokwisha kufa. Washa hiyo bendera ya kucheza mara moja tangu siku ya kwanza, na kila njia ya kutoka kwenye programu, hata ile ya kosa, itume rangi sifuri.

Njia nzuri ya kusaka kosa ni kuanza bila leza kabisa. Chora nukta kwenye skrini, kisha unganisha osiloskopu katika hali ya XY: pini 1 (X+) na pini 2 (Y+), na grandi kwenye pini 25. Picha ikiwa sawa kwenye osiloskopu na mbovu ukutani, acha kuhangaika na namba za X na Y (mikia na kona za mviringo ni suala jingine, limeelezwa chini).

## Dalili: Hakuna kinachoonekana

Anza na vitu vya mkono: ufunguo, kitufe cha dharura kilichobaki kimebonyezwa, na pini 4 na 17 ambazo hazijaunganishwa. Kinachofuata kwa wingi ni shata, yaani kizuizi cha mwale. Pini 13 ikiwa volti 0, projekta inayofuata ILDA hubaki gizani hata rangi zikifika; inataka volti 5. Pima kwa mita. Kama ni sifuri, programu yako haijatuma amri ya kufungua shata.

Halafu kipimo cha rangi. Ether Dream inapokea rangi za 0 hadi 65,535. Ukituma 255 ukidhani ndiyo mwanga kamili, umetuma chini ya asilimia nusu, na diodi haiwaki kabisa. Helios ya asili inataka 0 hadi 255 kwa rangi, na 0 hadi 4,095 kwa X na Y. Andika kazi moja tu ya kubadili vipimo kwa kila kigeuzi, ipitishe kila kitu humo, usizidishe hapa na pale ndani ya programu.

Kwa Ether Dream, angalia mpangilio wa amri: kwanza 'p' ya kujiandaa, kisha 'd' yenye nukta, ndipo 'b' ya kuanza. Ukikosea mpangilio inajibu 'I'. Ikijibu '!', imefungwa kwa dharura na inataka 'c' kwanza. Soma kila jibu. Watu wengi hutuma tu bila kusoma, kisha wanashangaa kwa nini imenyamaza. Ikiwa haionekani kabisa kwenye mtandao, kumbuka hujitangaza kila sekunde kwa UDP kwenye poti 7654, na nukta hupokelewa kwa TCP kwenye poti 7765. Kinga ya mtandao ya Windows inaweza kuzuia matangazo hayo kimyakimya. Zima Wi-Fi, bakiza waya peke yake, ujaribu tena.

Kwa Helios kwenye Linux, ikiwa programu inafanya kazi kwa sudo tu, ni ruhusa za USB. Ongeza kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayotoa ruhusa za vifaa) ya kifaa 1209:e500, kisha chomoa na uchomeke upya. Kuendesha programu nzima kwa sudo ni kulikimbia tatizo.

Kuna hali moja ambayo si ubovu. Projekta yenye kinga ya kusimama kwa vioo huzima mwanga vioo visipotembea. Ukijaribu kwa nukta moja katikati hutaona kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Jaribu kwa duara.

## Dalili: Mstari mmoja au nukta moja badala ya picha

Bonyeza kitufe cha dharura kwanza, fikiri baadaye. Nguvu yote iliyotakiwa kutawanyika kwenye picha sasa imekaa sehemu moja, na kwa daraja la 4 inaweza kuunguza pazia.

Sababu ya kawaida ni waya. Wengi hutumia kebo ya zamani ya pini 25 iliyonunuliwa Kariakoo. Nyingine ndani hazina nyaya zote, na nyingine zimekatizana makusudi ili kuunganisha kompyuta mbili bila modemu. Pima pini kwa pini kwa mita ya mlio: 1 kwa 1, 2 kwa 2, 14 kwa 14, 15 kwa 15. Mita isipolia, tafuta kebo nyingine.

Waya ukiwa mzima, badilishana X na Y ndani ya programu. Mstari wa kulala ukigeuka kuwa wa kusimama, galvo ni nzima na tatizo liko kwenye namba. Ukibaki vilevile, mhimili mmoja umekufa kwenye kigeuzi (osiloskopu itakuonyesha) au upande wa projekta: draiva ya galvo imejizuia, au upande mmoja wa usambazaji wake wa umeme (hizi hutumia chanya na hasi, mara nyingi 15 au 24) umeanguka. Hapo ndipo pa kuacha kama hujazoea kupima ndani ya kifaa kilichochomekwa. Upande wa kuingilia wa pawasapulai una volti 230, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa.

## Dalili: Picha imekunjwa, imegawanyika vipande vinne au rangi zimebadilishana

Hili karibu kila mara ni programu, na ni habari njema kwa sababu halihitaji kufungua projekta.

Vipande vinne, huku katikati ya picha ikiwa imekwenda kwenye kona nne: umechanganya namba zenye alama na zisizo na alama. ILDA na Ether Dream hutumia −32,768 hadi 32,767. Helios na MCP4922 huanza sifuri. Ongeza 32,768, kisha sogeza biti nne kulia kupata biti 12. Kabla ya kugeuza, bana thamani zisivuke mipaka, la sivyo ukingo wa kulia utaibukia kushoto, na kioo kitarushwa upana wote kwa nukta moja.

Vurugu tupu kama chumvi iliyomwagwa: mpangilio wa baiti. Faili la .ild (la picha za ILDA) huweka baiti kubwa mbele. Ether Dream inataka ndogo mbele. Hakikisha pia unasoma msimbo wa muundo kwenye baiti ya nane ya kichwa cha baiti 32. Rekodi ya muundo 0 ni baiti 8, muundo 1 ni 6, muundo 4 ni 10, muundo 5 ni 8. Ukikosea baiti moja, kila nukta inayofuata inahama.

Nyekundu na bluu zimebadilishana: katika muundo 4 na 5 rangi zimeandikwa bluu, kijani, nyekundu. Na biti ya 6 ya baiti ya hali ikiwa 1 maana yake mwanga umezimwa. Wapo wanaoisoma kinyume, wakaona mistari ya kurukia tu.

Picha imekatwa bapa upande mmoja, kwa bodi ya kujichomelea: opampu (chipu inayokuza volti za kigeuzi) imefika mwisho wa umeme wake. TL072 iliyolishwa volti 5 peke yake haiwezi kutoa −5 hadi +5, ipe ±12. Picha ikiwa nusu ya ukubwa, umefunga pini 14 na 15 kwenye grandi badala ya kuzipa mawimbi yaliyogeuzwa. Itafanya kazi, ila inakaribisha mvumo ulioelezwa chini.

## Dalili: Mikia kwenye ncha, kona za mviringo, mistari isiyokutana

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kwa nukta 30,000 kwa sekunde, programu inaweza kuamuru mwale uwe upande wa pili ndani ya mikrosekunde 33. Kioo kina uzito, hakiwezi. Leza nayo huwaka na kuzimika papo hapo. Pengo kati ya hivyo viwili ndilo mikia unayoiona.

Rekebisha kwa mpangilio huu, kwa sababu kila hatua huficha au kuonyesha inayofuata.

Kwanza, chelewesha rangi. Chora mistari miwili ya vipande vipande, wa juu ukienda kushoto kwenda kulia, wa chini kulia kwenda kushoto, vipande vikiwa vimepangana wima. Vya juu vikisogea kushoto na vya chini kulia, mwanga unawahi: chelewesha zaidi. Vikisogea kinyume, umezidisha. Anza na mikrosekunde 200, ambazo ni nukta 6 kwa 30,000 na nukta 4 kwa 20,000. Hifadhi thamani kama muda, si kama idadi ya nukta, la sivyo kila ukibadili kasi itaharibika upya. Leza za kijani za zamani za nm 532 huchelewa kuliko diodi za nm 520, kwa hiyo kila rangi iwe na thamani yake.

Pili, gawanya mistari mirefu. Kwa uwanja wa 65,536, hatua isizidi 1,000 hadi 1,500 panapowaka. Panapozimwa unaweza kufika 2,500, lakini anza taratibu, ongeza kasi katikati, punguza mwishoni. Hatua zinazolingana kwenye mruko mrefu humfanya kioo apitilize kisha arudi, na hilo ndilo lile ndoano dogo mwanzoni mwa herufi.

Tatu, tulia kwenye kona. Kona ya nyuzi 90 irudiwe nukta 5 au 6. Kona kali zaidi, 8. Mpindo mdogo chini ya nyuzi 30, hata moja haihitajiki. Usirudie kwenye duara, litajaa madoa. Baada ya mruko uliozimwa, ongeza nukta 8 hadi 12 gizani kwenye mahali pa kuanzia kabla ya kuwasha.

Bado kona ni za mviringo? Sasa ndipo uchunguze galvo. Cheza mchoro wa majaribio wa ILDA kwa kasi iliyoandikwa kwenye seti yako, kwa pembe ya nyuzi 8, nukta zikiwa kama zilivyo, bila kupitishwa kwenye marekebisho yako hapo juu. Duara linatakiwa ligusane na pande za mraba kwa ndani. Duara limeamriwa kubwa kuliko hapo makusudi, na ni uzito wa vioo unaolipunguza. Ukiongeza nukta zako, kipimo kimekwisha. Duara likitoka nje ya mraba au likibaki dogo, galvo haijasetiwa sawasawa.

Vile vikorokoro vya kuzungusha kwenye draiva usiviguse kwa kubahatisha. Ukizungusha kidogo tu kupita kiasi, galvo hujitetemesha yenyewe, na koili huungua kwa sekunde chache. Mpe fundi mwenye osiloskopu aliyewahi kuzisetia.

Galvo ikipiga mluzi mkali, au mwili wake ukiwa wa moto usioshikika, zima hapohapo. Kwa kawaida umeendesha picha pana mno: seti ya 30,000 inapimwa kwa nyuzi 8, haiwezi kasi hiyo kwa nyuzi 40. Punguza kasi au upana. Harufu ya kuungua ikitokea, usiwashe tena kujaribu.

## Dalili: Picha inapepesa, inaruka au inakatika

Piga hesabu kwanza. Nukta 30,000 zikigawanywa kwa fremu 25 ni nukta 1,200. Fremu yenye 3,000 itachorwa mara 10 kwa sekunde na itapepesa, programu iwe nzuri kiasi gani. Panga mistari ili kila mmoja uanze karibu na ulipoishia uliopita. Kwa maandishi hii pekee huokoa nukta nyingi za gizani. Ikibaki nyingi, punguza maudhui. Kuongeza kasi kupita uwezo wa galvo si tiba.

Ikiwa hesabu iko sawa lakini picha inakatika, bafa (hifadhi ya muda ya nukta ndani ya kigeuzi) inaishiwa. Bafa ya Ether Dream ya kwanza ina karibu nukta 1,800, sawa na milisekunde 60. Usitegemee sleep ya Python kupima muda wa nukta. Kwenye Windows, Python za kabla ya 3.11 zinaweza kulala milisekunde 15 ulipoomba 1. Andaa fremu nzima mapema, tuma kwa uzi wake peke yake, na uongozwe na hali ya bafa ambayo kigeuzi kinakurudishia. Kwa Helios subiri GetStatus irudishe 1 ndipo uandike, na fremu ziwe za milisekunde 10 hadi 40. Ether Dream ikishaishiwa, inabidi uanze tena 'p', 'd', 'b'.

Kwa ESP32: katizo la taima liwe kwenye kiini 1, Wi-Fi ibaki kiini 0, kazi ya katizo iwekwe IRAM (kumbukumbu ya ndani ya haraka), na usiandike flashi wakati wa kuchora. Ngazi ndogondogo kwenye mistari ya mshazari zina sababu mbili. DAC ya ndani ina biti 8 tu, kwa hiyo kwenye ukuta wa mita 2 kila hatua ni karibu milimita 8, nunua MCP4922. Na kama unayo tayari, angalia pini yake ya LDAC, inayoamuru volti mpya zitoke: ikifungwa grandi, X hubadilika kabla ya Y. Iunganishe kwenye pini, andika zote mbili, ndipo uishushe.

## Dalili: Picha inayumba kama maji

Badili idadi ya fremu kwa sekunde. Kwa 25 mvumo wa umeme wa 50 Hz huonekana kama mpindo uliosimama. Kwa 24 huyumba mara mbili kwa sekunde. Kasi ya kuyumba ikifuata fremu, chanzo ni umeme. Chomoa chaja ya laptopu, tumia betri. Mvumo ukitulia, mzunguko wa ethi unapitia chaja: chomeka vyote kwenye soketi moja, na tumia kebo yenye ngao.

Usikate wala kuziba pini ya ethi ili kuondoa mvumo. Mvumo utaisha, na mwili wa chuma wa projekta utakuwa tayari kumpiga mtu shoti. Zipo nyumba ambazo soketi ina matundu matatu lakini waya wa ethi hauendi popote. Ukihisi muwasho wa umeme kwenye mwili wa projekta, acha, umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aipime soketi.

## Dalili: Nyeupe inageuka samawati baada ya muda

Diodi nyekundu za nm 638 hupoteza nguvu zikipata joto kuliko za bluu na kijani. Kwenye chumba cha nyuzi 32 mwezi wa pili, nusu saa inatosha. Safisha feni na matundu, acha nafasi ya hewa nyuma, na usirekebishe uwiano wa rangi kwenye programu mpaka projekta ipate moto wake wa kawaida. Ukiitoa kwenye kiyoyozi kwenda nje wakati wa masika, isubiri ikauke kabla ya kuiwasha. Unyevu kwenye lenzi hutawanya mwale. Karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, chumvi hula viunganishi, basi ihifadhi kwenye sanduku lenye silika jeli. Vioo vya galvo vifutwe umeme ukiwa umezimwa, kwa karatasi ya lenzi na alkoholi ya isopropili, mpapaso mmoja bila kusukuma.

## Dalili: Mtu amepigwa na mwale jichoni

Doa linalobaki kwenye uoni, ukungu katikati, au mistari iliyonyooka kuonekana imepinda: asisubiri kesho, hata kama hakuna maumivu, kwa sababu retina haiumi. Asisugue jicho, asitie dawa yoyote. Mpeleke kitengo cha macho Muhimbili au CCBRT, na uandike kwenye karatasi rangi ya leza, urefu wa wimbi, nguvu kwa miliwati, umbali, na kama mwale ulikuwa umesimama au unatembea.